Timu Hulelewa

Klabu inayoshindwa kila wiki hushawishika kununua nyota wa bei kubwa. Nikitafakari jambo hili, huikumbuka Penrith Panthers ya magharibi mwa Sydney, Australia, inayocheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Mwaka 2019 ilishika nafasi ya 10. Mwaka 2020 ilifika fainali, ikashindwa na Melbourne Storm.

Wengi wangekivunja kikosi. Wao waliwashikilia vijana waliopitia timu zao za vijana, wakiwemo Nathan Cleary, Jarome Luai, Brian To'o na Stephen Crichton. Mwaka 2021 wakatwaa ubingwa, kisha 2022, 2023 na 2024. Katika fainali ya 2023 walikuwa nyuma 24 kwa 8, wakashinda 26 kwa 24. Crichton alihama baada ya msimu huo, lakini ubingwa uliofuata haukuwaponyoka.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Fedha huweza kumleta mchezaji kwa siku moja. Kuaminiana huhitaji miaka. Basi tujiulize: kijana wetu akishindwa fainali yake ya kwanza, je, tutamvumilia hata ya pili?