Usiiache mashua

Mwanza. Asubuhi Ziwa Victoria lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye karai. Ilipofika saa nane mchana, upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yakatoa povu jeupe na matanga ya mashua za watoto pale klabuni yakawa yanapigapiga.

Mama mmoja alisimama ufukweni ameshika taulo la binti yake wa miaka 11. Fomu ya ruhusa aliisaini mwenyewe, lakini mchana huo alitamani airudishe.

Alikuwa na sababu. Kaka yake, mvuvi, alifia ziwani humohumo. Mtumbwi ulipinduliwa na upepo, akaamua kuogelea kwenda nchi kavu. Kesho yake mtumbwi ulikutwa unaelea. Yeye alipatikana siku ya tatu. Tangu hapo, watoto wa nyumba ile walikatazwa hata kukanyaga maji.

Binti alipoomba kujifunza kuendesha mashua, mama alikataa mwaka mzima. Aliyemlainisha ni kocha. “Mama, nyumbani kwenu na ziwani ni hatua chache. Ukimkataza tu, siku akiteleza atajiokoaje?”

Mashua yenyewe huitwa Optimist. Ina urefu wa mita 2.3 tu na hutumiwa na watoto hadi miaka 15. Ndani imefungwa mifuko ya hewa, hivyo hata ikipinduka haizami.

Upepo ulipozidi, binti alikaa ukingoni, upande unakotoka upepo, akaegemea nje ili mashua isilale. Ghafla upepo ukasukuma kwa nguvu. Alichelewa kulegeza kamba ya tanga. Mashua ikapinduka, naye akapotea machoni.

Mama alitupa taulo, akakimbia hadi maji yakamfika magotini. Hajui kuogelea.

Kisha jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa likaibuka. Binti alishika mashua, akazunguka, akapanda kwenye ubao unaotokeza chini yake na kujivuta nyuma kwa uzito wake wote. Mashua ikainuka. Boti ya kocha ilikuwa karibu, lakini kocha hakumgusa. Alimwacha achote maji mwenyewe.

Alirudi midomo ikimtetemeka. Mama akamvua kwanza nguo zilizolowa, maana zikipigwa na upepo hupoza mwili haraka, akamfunika na kumpa chai ya moto.

“Uliogopa?”

“Niliogopa, mama. Lakini kocha anasema ukipinduka, usiiache mashua. Ukiogelea kwenda ufukweni utachoka. Mashua inaelea, na watu wanaiona kwa mbali.”

Mama akanyamaza.

“Kwani mjomba hakuambiwa hivyo?”

“Hakuna aliyemwambia, mwanangu.”

Kabla ya kuondoka, alimuuliza kocha kama mtu mzima naye anaweza kufundishwa kuogelea. Jumamosi iliyofuata alikuja na taulo mbili.