Mtoto hurithi hata yale tusiyomwambia (Sehemu ya 9)

Leo chanjo na uji wa lishe tuviweke pembeni kidogo. Tuongee kuhusu vita, na mwandishi Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Gurnah alizaliwa 1948. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana miaka 15, na baadaye akahamia Uingereza akiwa bado kijana. Vita Kuu ya Kwanza hakuiona, ila alikua wakati wazee walioiona bado wapo.

Kwenye Paradise (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Peponi, mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kulipia deni, kisha anafuata msafara kwenda bara. Njia za namna hiyo sisi wa Tabora tunazijua: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Vita ilipofika, waliozoea kubeba pembe wakabebeshwa risasi. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa.

Sasa mama, sikiliza hii. Kwenye Afterlives (2020), askari Hamza anarudi vitani ameumia. Anamwoa Afiya, wanapata mtoto, wanampa jina la mjomba wake Ilyas aliyekwenda vitani asirudi. Mtoto vita haijui, lakini anaanza kusikia sauti.

Hapo riwaya inagusa kazi yangu. Ulyankulu, hapa hapa mkoani kwetu, zipo familia zilizokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Na nyumba nyingine zina vita vyake vya ndani: kipigo, msiba usiosemwa. Mtoto haambiwi kitu, lakini anaona mama anavyoshtuka mlango ukigongwa.

Kwa hiyo angalia: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani ameanza tena? Anaweweseka usiku? Amekuwa mkimya ghafla? Usimchape, na usikimbilie kusema karogwa. Mkalishe karibu, mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake: "Babu alipata shida zamani, ndiyo maana huwa na huzuni. Siyo kosa lako." Hali ikiendelea wiki kadhaa, mlete kituoni. Na wewe mama mwenye donda lako, njoo pia. Tutakusikiliza.