Ukuta wa Karen na Daftari la Mjomba

Mutuini, Nairobi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Nyanya yako hajambo, ng'ombe amezaa, na mvua imeigeuza barabara ya kwenda Dagoretti Market kuwa tope tupu. Mama yako alikuja na picha ya ule ukuta uliochora katika shule ya watoto kule Karen. Simu ikazunguka nyumba nzima mpaka kila mtu akamwona twiga. Mjomba wako aliitazama kwa muda mrefu kuliko wengine. Kazi ni safi: shingo ya twiga imepinda vile inavyopinda kweli, na kivuli kiko upande mmoja kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Kisha akauliza ulilipwa ngapi. Akaambiwa shilingi 20,000, na hapo ndipo barua hii ilipoanzia.

Mama yako alizijua hesabu zako zote. Rangi ilikula 9,000, ngazi ya kukodi 2,000, na nauli ya kutoka Umoja hadi Karen kwa siku tano 2,000 nyingine. Zikabaki 7,000. Ukizigawa kwa siku tano unapata 1,400, na siku mbili ulizokaa nyumbani ukichora michoro ya kumwonyesha mwalimu mkuu bado hazijaingia. Ukiziingiza, ulifanya kazi kwa shilingi 1,000 kwa siku. Msanii mwenye mkono kama wako asikubali malipo hayo tena. Kesho yake mjomba wako alienda dukani kukununulia daftari la jalada gumu, na ukurasa wa kwanza tayari una hesabu ya ukuta huo.

Hasara ya namna hiyo mjomba wako anaijua vizuri. Alipokuwa kijana, fundi wa mabango Dagoretti alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Buchari, kinyozi, duka la dawa, wote walimngoja yeye na kopo lake la rangi ya gloss. Herufi zilipigwa mstari kwa chaki na uzi, na bei ilitajwa kwa kuutazama uso wa mteja. Hakuna aliyeandika kitu. Fundi alirudi nyumbani na noti mfukoni, na kufikia Ijumaa hakujua zilikwenda wapi.

Kutoka katika kazi hiyohiyo alitokea Joseph Mbatia, ambaye dunia ya sanaa inamjua kwa jina la Bertiers. Alizaliwa Dagoretti mwaka 1963, akaanza kwa kuandika mabango, kisha akageukia michoro ya baa zilizojaa watu, wanasiasa na vituko vya kila aina. Mwuzaji wa sanaa wa Los Angeles, Ernie Wolfe, aliipeleka kazi yake kwa wanunuzi wa Marekani. Vijana wanapoitaja habari hiyo husema alibahatika. Mjomba wako anaiona tofauti. Bango la buchari hulipiwa mara moja, na buchari ikifungwa bango linageuzwa mlango wa banda la kuku. Mchoro uliotiwa sahihi huenda na jina la mchoraji popote uendapo, na jina hilo ndilo linaloleta mteja wa pili.

Wengi walibaki kwenye mabango na wakapigwa mara mbili. Pigo la kwanza liliwaangukia waliochora matatu: kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi Februari 2004, magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Mtu alilala akiwa na kazi, akaamka hana. Baadaye zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki, na bango lililomchukua fundi siku mbili likawa linatoka River Road kabla ya chai ya saa nne. Waliosimama ni wale waliokuwa na kitu zaidi ya mkono mwepesi: majina na namba za wateja, picha za kazi zao za nyuma, na kazi ya aina ya pili waliyoweza kuiuza.

Sasa lile ambalo mjomba wako hakuwahi kukusimulia. Mwaka 2009 kampuni moja ilimpa kazi ya kuchora ukuta wa ghala lake: mama akiuza ndizi chini ya mwavuli, watoto wakimzunguka. Alilipwa, akashukuru. Miezi michache baadaye aliiona picha hiyohiyo kwenye kalenda ya kampuni, halafu kwenye fulana za wafanyakazi. Akaenda kwa wakili akiwa amevaa koti lake la kanisani, akiamini ameibiwa. Wakili akafungua kitabu cha sheria na kumsomea polepole. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema hakimiliki ya kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa imehamia kwa huyo aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vingine. Mjomba wako hakuwa amekubaliana vingine na mtu yeyote. Alikuwa amekubaliana bei na rangi ya mwavuli.

Ndiyo maana anakusihi uandike kabla hujachanganya rangi. Karatasi moja inatosha. Itaje ukubwa wa ukuta, siku za kazi, bei, arabuni ya nusu kabla ya kununua rangi, na nani atalipa ikiwa mteja atabadilisha mchoro katikati. Kisha maneno haya, ambayo yanapaswa kuwa katika kila mkataba wako: hakimiliki ya mchoro inabaki kwa msanii, mteja ana ruhusa ya kuutumia kwenye ukuta huu pekee, matumizi mengine yoyote yatalipiwa kwa makubaliano mapya. Pande zote mbili zitie sahihi. Mteja akitaka kalenda, anunue leseni ya kalenda. Akitaka kila kitu, ataje bei ya kila kitu, nawe uamue.

Kwa kazi unazochora bila kuagizwa, hakimiliki ni yako tangu mchoro unapochorwa, na itakaa maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Si lazima kuisajili, lakini Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hupokea usajili kwa intaneti, na cheti chake ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalifahamu. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, naye huchora juu ya lubugo, lile gome la mti linalopondwa kuwa nguo kule Uganda. Novemba 2019 mchoro wake mmoja uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's huko New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Fedha za mauzo ya namna hiyo humwendea mwenye mchoro anayeuuza, na sheria ya Marekani haimpi mchoraji fungu lolote. Mwaka huohuo Kenya ilirekebisha sheria yake na kumpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Kwenye mchoro wa shilingi 400,000 hizo ni 20,000, sawasawa na ulizopewa kwa ukuta mzima wa Karen. Lakini utadai vipi kama hukumbuki uliuza nini, kwa nani, mwaka gani? Daftari tena.

Liandike hivi: jina la kazi, vipimo, vifaa, tarehe, bei, mnunuzi, namba yake. Piga picha kabla kazi haijatoka mlangoni, na nakala ikae mahali pengine. Mchoraji Mzee Elimo Njau na wenzake walianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mwaka 1965. Mwaka 1997 moto ukateketeza jumba lile na sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa ndani. Kila mara mjomba wako anapofikiria michoro iliyoungua pale bila picha hata moja, moyo humwuma.

Tena usifanye kazi peke yako. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafa 1972. Miaka minne tu. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza mtindo wake, wakaunda chama cha ushirika mwaka 1990, na leo jina lake liko kwenye michoro ambayo yeye hakuigusa, kutoka Zanzibar hadi maduka ya watalii ya Nairobi. Ushirika ule ulilisha familia nyingi, na mjomba wako anauheshimu. Hapa kwetu pia wapo waliojipanga: kituo cha wasanii cha Kuona kilianza mwaka 1995 kwenye Makumbusho ya Taifa, na baadaye wasanii wenyewe ndio waliojiunga kuendesha studio zake kule Kilimani. Nenda ukakae nao siku moja. Waulize kodi ya nyumba wanaigawanaje na kamisheni ya jumba la maonyesho huwa kiasi gani. Utasikia theluthi, utasikia nusu. Uliza pia nani hulipia fremu na usafiri, maana hapo ndipo faida humwagika.

Kuhusu kodi, kwa kifupi. Uwe na PIN ya Mamlaka ya Mapato, KRA, na utoe ankara yake ya kielektroniki, eTIMS, kwa sababu kampuni bila ankara hiyo haiwezi kuhesabu malipo yako kama gharama, na itamwita mtu mwingine mwenye nayo. Malipo ya kitaalamu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5; dai cheti chake, kitakusaidia unapowasilisha hesabu zako kabla ya Juni 30. Na pesa za kazi zipitie namba tofauti ya M-Pesa, mbali na pesa za unga.

Mama yako anasema mkahawa mmoja wa Ngong Road umekutumia mkataba wa kurasa nne na unataka uurudishe Jumatatu. Usiutie sahihi. Njoo nao Jumamosi, pamoja na risiti zote za rangi ulizonazo, hata zilizochanika. Shangazi yako atapika mukimo, na tutausoma kifungu kwa kifungu mezani.

Ngazi nayo usiikodi tena. Ya mjomba wako iko nyuma ya zizi, ina madoa ya rangi ya miaka 30 lakini vipandio vyote ni vizima. Njoo na mtu wa kukusaidia kuibeba.

Mjomba wako,
Mutuini