Kabla hujafungasha watoto kwenda Ujerumani

Tangu nianze kuishi Leipzig, simu kutoka nyumbani huja na swali lile lile: "Dada, huko mnalipwa ngapi?" Najibu ninavyoweza. Lakini moyoni hutamani mzazi mmoja aniulize kuhusu ukubwa wa nyumba, daraja la kodi, au karatasi ya baba wa mtoto. Hayo ndiyo yaliyoamua kama wanangu wangelala chini ya paa langu au wangebaki Moshi kwa mama.

Mimi ni muuguzi. Nilitangulia peke yangu mwaka 2022, mume wangu akabaki na watoto wawili: binti yangu wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka minne. Mwaka wa kwanza sikuhesabiwa muuguzi kamili. Vyeti vyangu vya Tanzania vilikuwa bado vinapimwa, nami nikafanya kazi kama msaidizi huku nikisoma Kijerumani cha B2 usiku na kujiandaa na mtihani. Mshahara wa msaidizi ni mdogo, na ombi la kuleta familia linaangalia mshahara. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa na wakala kwamba "familia inafuata baada ya miezi mitatu" amuulize: miezi mitatu baada ya nini?

Halafu kuna nyumba. Wakati ule ofisi ya wageni haikutosheka na kusikia kwamba una pa kulala, ilitaka kujua ukubwa. Kipimo kilichotumika sana kilikuwa mita za mraba 12 kwa kila mtu wa miaka sita na kuendelea, na 10 kwa mtoto mdogo zaidi. Sisi wanne, kwa kuwa kijana wangu alikuwa hajafika sita, tulihitaji mita 46. Chumba nilichokuwa nacho kilikuwa na mita 16. Nilitafuta miezi saba.

Mwenye nyumba anaruhusiwa kisheria kudai amana inayofika kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji. Na hili sikuwahi kulisikia kabla: nyumba nyingi hupangishwa bila jiko. Sizungumzii jiko la gesi. Hakuna sinki, hakuna kabati, ni ukuta mtupu na bomba limetokeza. Sinki letu nilinunua la mtumba kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, tukalibeba na rafiki yangu kwenye tramu, watu wanatutazama.

Lakini lililoninyima usingizi halikuwa la pesa. Binti yangu nilimzaa kabla sijaolewa. Jina la baba yake limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, na kwa Wajerumani jina hilo lina uzito. Mzazi mwenzako mwenye haki juu ya mtoto lazima akubali kwa maandishi kwamba mtoto ahame, au uwe na amri ya mahakama kwamba malezi ni yako peke yako. Hawaulizi nani alilipa ada wala nani alikesha mtoto alipougua malaria.

Alipopigiwa simu mara ya kwanza, alikata. Mara ya pili akamwambia mume wangu maneno nisiyoweza kuyaandika kwenye ukurasa wa familia. Ukiondoa matusi, hoja yake ilikuwa hii: mwanangu anapelekwa Ulaya na mwanamume mwingine, mimi nitabaki kuwa nani? Nilitaka twende mahakamani moja kwa moja. Mama akakataa. Alisema mahakama iwe ya mwisho, akamtuma mjomba aende kwake pamoja na mzee mmoja wa ukoo wao. Walikaa mchana kutwa. Mjomba aliporudi alinipigia akasema, "Mwanangu, anataka jambo moja tu. Ubini wa mtoto usibadilishwe." Hakuomba hata shilingi. Alisaini mbele ya wakili, na kesho yake akampigia binti yake simu, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Hadi leo hupiga. Si kila wiki, ila hupiga.

Ndiyo maana nawaambia kina mama wenye watoto wa namna hii: anzeni na karatasi hiyo kabla ya tiketi, kabla ya nyumba, kabla ya kumwambia mtoto. Visa yenyewe ni euro 75 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Gharama zinazouma ni tafsiri za vyeti kwa wafasiri walioapishwa, safari za Dar es Salaam, na muda.

Mume wangu naye ilimlazimu afaulu Kijerumani cha A1 kabla ya kupata visa, kwa kuwa ruhusa yangu ya kazi ni ya muuguzi na haimo kwenye zile zinazomsamehe mwenzi. Alifunga duka lake la vipuri, akahamia kwa dada yake Dar es Salaam miezi mitatu, akasoma Goethe-Institut pale Upanga akiwa mtu mzima kuliko wote darasani. Jioni aliwafundisha watoto kwa simu. Kijana wetu alijua kuhesabu hadi ishirini kwa Kijerumani kabla hajajua kusoma Kiswahili.

Sasa kodi. (Kiswahili chetu kinaita kodi kile unacholipa kwa mwenye nyumba na kile unacholipa kwa serikali; huku utavilipa vyote viwili na hutavisahau.) Kila mfanyakazi hapa ana daraja la kodi. Nilikuwa nimeolewa na nina watoto wawili, lakini hati yangu ya mshahara iliandikwa daraja la kwanza, sawa na kijana asiye na mke. Sababu ni kwamba mwenzi anayeishi Tanzania hahesabiki katika hilo. Nilikuwa nakatwa kama mtu asiye na familia, na hapo hapo natuma pesa nyumbani kwa familia.

Walipofika Agosti 2024, tulikwenda kujiandikisha makazi. Sheria inatoa wiki mbili tangu kuhamia, na lazima uwe na barua ya mwenye nyumba. Baada ya hapo kila mmoja wetu aliwekwa daraja la nne. Kwa kuwa mume wangu hakuwa na kazi bado, tuliomba mimi niwe la tatu na yeye la tano, na mshahara ulioingia benki ukaongezeka mwezi uliofuata. Ila mwenye daraja la tano hukatwa sana. Mume wangu alipopata kazi ya ghala, mshahara wake wa kwanza aliutazama akadhani wamemkosea. Tukarudi la nne wote wawili. Wenzi wanaochagua la tatu na la tano lazima wapeleke marejesho ya kodi kila mwaka, na huenda wakadaiwa.

Juu ya kodi kuna pensheni, asilimia 9.3 upande wangu, na bima ya afya. Hiyo bima siilalamikii hata kidogo: mwenzi asiye na kipato na watoto wanaingia bila nyongeza. Kila nyumba pia hulipa euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni za umma, uwe na televisheni au usiwe nayo.

Fomu ya makazi huuliza dini. Ukiandika Mlutheri au Mkatoliki, unakatwa kodi ya kanisa. Hapa Saxony ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mshahara wote. Wenzangu wengi huacha wazi. Sisi tuliandika Walutheri, tukijua. Wamisionari waliofika kwetu Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu huu wa Leipzig. Mume wangu hutania kwamba sasa tunarudisha nauli.

Posho ya watoto haiji yenyewe. Unaomba, na ukichelewa wanalipa nyuma miezi sita tu. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto. Fedha unazotuma kwa wazazi nyumbani unaweza kuziingiza kwenye marejesho ya kodi ukiwa na risiti za benki, ila kiwango cha Tanzania ni robo ya kile cha Ujerumani, na kaka na dada hawahesabiki. Jaribu kumweleza hilo mdogo wako anayesubiri ada ya chuo.

Shule ni bure na ni lazima. Kumtoa mtoto siku mbili kabla ya likizo ili upate tiketi ya bei nafuu kunaweza kukuletea faini. Mdogo alianza darasa la kwanza, na kufikia Krismasi alikuwa anatusahihisha matamshi. Binti ndiye aliyeumia. Moshi alikuwa wa tatu darasani. Huku alikaa mwaka mzima kwenye darasa la wageni la kujifunza lugha, akichora. Alisema kidogo sana mwaka ule. Sasa ana miaka 14, yuko darasa la kawaida, na hesabu zimerudi.

Jina lake bado ni la baba yake. Tukisafiri, askari wa uwanja wa ndege hutazama pasi zetu nne, huona jina moja halifanani, huuliza. Nakala ya barua ya ridhaa naibeba kwenye mkoba.

Linalokuja ni uraia. Tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu mtu kubaki na uraia wake wa kwanza, na miaka mitano ya ukaazi inaweza kutosha kuomba ukitimiza masharti mengine. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Binti amelisoma hilo mwenyewe mtandaoni, akamuuliza baba yake wa Moshi anaonaje. Baba akanipigia mimi. Nimemwambia tutaongea ana kwa ana Desemba, tukija.