Bango la Baba Lililochapishwa Naif

Ukishuka Metro kituo cha Baniyas Square na kuelekea Naif kwa miguu, utasoma sana kabla hujafika popote. Kuna vibao vya mawakala wa kago ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, vibao vya saluni za kusuka nywele na vya simu zilizotumika. Kwenye nguzo kuna vikaratasi vya watu wanaopangisha kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu wengi. Kuvibandika ni marufuku. Asubuhi hubanduliwa, jioni vimerudi.

Wengi wetu tunaijua Naif kwa ununuzi wa mwisho kabla ya safari ya nyumbani. Ni mtaa wa zamani wenye historia yake. Ngome ya Naif ilijengwa mwaka 1939, na mwaka 1956 polisi wa Dubai walianzia kazi humo. Soko la Naif liliungua mwaka 2008 likajengwa upya. Mimi, muuguzi mwenye kazi za zamu, nimeupenda mtaa huu kwa sababu ya maduka yake madogo ya kuchapisha.

Siku moja nilikwenda kutoa nakala za vyeti vyangu, diploma ya Kenya na shahada ya Uingereza, maana huku hakuna ofisi isiyoviulizia. Simu ya mwenye duka ilikuwa ikiimba taratibu: Jim Reeves! Nikamuuliza, "Bhai, huyu unamjua?" Akacheka. "Sista, kwetu Kerala nani asiyemjua?" Nikamwambia na kwetu Kenya ni vivyo hivyo. Jim Reeves alizaliwa Texas, akafa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964 akiwa na miaka 40. Sauti yake haikufa. Bado inapendwa Kenya, Afrika Kusini, Sri Lanka na India.

Ukutani bhai alikuwa na bango la tamasha la mtindo wa kale wa Marekani: herufi nene, kofia ya kauboi, rangi mbili tu, karatasi ya manjano kama iliyozeeka. Alisema huwauzia wenye mikahawa na wapenzi wa muziki.

Mtindo huo ulitoka mbali. Mwaka 1883 William Cody, yaani Buffalo Bill, alianza kuzunguka na maonyesho yake ya farasi na bunduki, na mabango yake ya rangi yakaeneza sura ya kauboi duniani. Huko Nashville, ndugu wawili walikuwa wamefungua mwaka 1879 kiwanda cha uchapaji cha Hatch Show Print, ambacho baadaye kilichapa mabango ya wanamuziki wengi wa kantri na kinafanya kazi hadi leo. Kazi yao ni ya herufi na picha zilizochongwa kwa mbao. Hupangwa kwenye fremu, hupakwa wino, kisha karatasi hugandamizwa juu yake. Kila rangi hupita peke yake, ndiyo maana rangi huwa chache. Jina la mwimbaji huwa kubwa kuliko yote ili mpita njia alisome bila kusimama. Ukitaka kutambua bango halisi, pitisha kidole: mara nyingi utahisi herufi imebonyea, na wino utaonyesha mistari ya mbao. Lile la bhai lilikuwa laini kabisa, kazi ya kompyuta, na hakulificha hilo.

Kauboi alifika kwetu pia. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bills kwa jina la Buffalo Bill. Kenya, waimbaji wa mugithi bado hupanda jukwaani na kofia pana na gitaa moja, ingawa siku hizi mabango yao tunayapokea zaidi kwa WhatsApp.

Hapo ndipo nilipomfikiria baba. Miaka ya 1980 alipiga gitaa peke yake katika baa za Nakuru, akiimba nyimbo za Jim Reeves na Don Williams, kisha za Kikuyu. Mabango yake yaliandikwa kwa mkono na kubandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Mvua moja tu, kwisha. Halikubaki hata moja. Imebaki picha moja amevaa kofia.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Wapo wagonjwa wa namna hii wanaoweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema, kwa kuwa kuimba hutumia pia sehemu nyingine za ubongo. Nilimwambia mama amwekee nyimbo zake, na kweli, baba akaanza kuzifuatisha. Lakini wajukuu walimwona mzee wa kiti cha dirishani tu. Hawakuwahi kumjua mwenye gitaa.

Nikarudi kwa bhai na ile picha. Akaweka farasi na mti wa miiba. "Baba yako alipanda farasi?" Nikasema, "Alipanda matatu." Farasi akatoka, gitaa likaingia. Akauliza tarehe. Nikampigia mama, naye akasema, "Usitunge tarehe, mwanangu. Andika Jumamosi saa mbili usiku, hiyo haikubadilika. Na kiingilio andika kinywaji kimoja." Tukaandika hivyo hivyo, jina la baba likiwa kubwa kuliko yote.

Nililipa dirhamu 25. Fremu sikununua, kioo hakifai kwa kago. Ukituma la kwako, lisokote kwa ulegevu ndani ya bomba gumu. Kama ni bango la zamani, usilitie plastiki ya moto, maana halitatoka tena.

Sasa linatazamana na kiti chake. Mama aliniambia kwamba mjukuu wa miaka saba alilisoma kwa sauti, akauliza, "Guka, huyu ni wewe?" Baba hakujibu. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, ule unaobana nyuzi, vidole vikaanza kwenda.

Wenzangu mlio mbali, wapigieni wazee wenu wikendi hii. Waulizeni walicheza wapi, siku gani, na kiingilio kilikuwa nini. Duka la kuchapisha halikosekani.