Waya wa Spika na Fedha za Sanduku

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hurudiwa mara nyingi mbele ya watoto, lakini ni mara chache mtu mzima hukubali kuitii nyumbani mwake mwenyewe, hasa akiwa na fedha mfukoni. Fedha humshawishi mtu asimame wima na kununua kile ambacho angalikipata kwa kuinama.

Sajini mmoja, akaaye na mkewe na watoto wanne katika kota za kambi, alirithi kwa kaka yake stirio ya zamani: amplifaya, mtambo wa kanda, na spika mbili za mbao zenye kimo cha goti. Familia ilipohamia kota hiyo, spika ya kulia iliwekwa karibu na amplifaya. Ya kushoto ilipelekwa upande wa pili wa sebule, na waya wake ukapitishwa nyuma ya kabati na juu ya mlango, mwendo wa mita 8. Kwa kuwa waya wa awali haukufika, sajini alitumia waya mwembamba wa kengele aliokuwa nao katika sanduku la vifaa. Tangu siku hiyo muziki ulipoteza uzito. Ngoma zilisikika kama debe tupu ligongwalo, na sauti ya mwimbaji haikujulikana itokako.

Jambo hilo lingaliachwa lipite kama si kanda moja. Mama wa nyumba alikuwa na kanda ya kwaya ya kanisa la kijijini kwao, iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, ambamo marehemu mama yake aliongoza wimbo. Siku ya kumkumbuka marehemu ilikuwa ikikaribia, na ndugu walitazamiwa kuja. Binti mkubwa wa nyumba hakuwahi kumwona bibi yake. Mama alipoiweka kanda ile mtamboni, sauti ya mzazi wake ilitoka nyembamba, isiyo na kiini, kana kwamba marehemu aliimba ndani ya mtungi. Aliizima kabla ya ubeti wa pili kwisha, akaenda jikoni bila kusema neno.

Jumamosi iliyofuata sajini alikwenda mjini. Mfanyabiashara wa vyombo vya muziki alimwonyesha waya mnene kama kidole, wenye ganda la kung'aa na ncha za rangi ya dhahabu. “Bila waya huu, afande, utaendelea kusikia nusu ya muziki wako.” Bei yake ilikaribia kabisa fedha zilizowekwa kwa ajili ya binti aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni: sanduku la bati, godoro, na sare mbili. Sajini aliomba awekewe waya ule mpaka Jumatatu.

Usiku alimweleza mkewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Baba watoto, sauti ya mama naitamani kuliko wewe. Lakini mama huyo huyo aliuza mbuzi wake ili mimi nisome. Ukiligeuza sanduku la mjukuu wake kuwa waya, hiyo kanda nitaisikiliza kwa uso gani?”

Sajini hakuwa na jibu. Asubuhi alikwenda kwa jirani mmoja, koplo mstaafu aliyetumikia kikosi cha mawasiliano kwa miaka mingi, akamwomba shauri. Mzee alikuja na tochi, koleo, na betri moja ndogo ya volti 1.5. Hakuitazama amplifaya. Aliinama nyuma ya kabati.

“Afande, zima umeme kwanza,” alisema. Kisha alizitoa waya za spika zote mbili kwenye amplifaya, akavua vitambaa vya mbele, na kugusisha betri kwenye ncha za waya mara moja tu, kitambo kifupi. Ngozi ya spika ya kulia ilisukumwa nje. Ile ya kushoto, kwa mguso ule ule, ilivutwa ndani.

“Hapo ndipo mama mkwe wako alipopotelea,” mzee alisema. “Umegeuza waya. Wa kwenye alama nyekundu umekaa kwenye nyeusi. Spika moja inaposukuma hewa, mwenzake anaivuta. Sauti nene zinauana. Na mwimbaji aliyerekodiwa kwa maikrofoni moja, ambaye yampasa asikike katikati ya spika zote mbili, hana pa kusimama.”

Mzee hakuishia hapo. Ncha za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Alizikata, akaumenya mpira, akazisokota nyuzi pamoja ili hata mmoja usiguse upande wa pili, kwa sababu nyuzi zikigusana huweza kuunguza amplifaya. Ndipo akaueleza wembamba wa waya kwa hesabu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba huuzuia umeme kwa kiasi cha omu 0.017 katika kila mita. Mita 8 za kwenda na 8 za kurudi ni mita 16. Waya wa kengele wa milimita 0.2 za mraba, kwa mwendo huo, hufikia karibu omu 1.4, na kwa spika ya omu 8, karibu robo ya nguvu ambayo ingeifikia spika hiyo hukosekana. Waya wa milimita 1.5 za mraba huwa na omu 0.18 tu, kizuizi ambacho sikio halikijali. Kwa kawaida inatosha kizuizi cha waya kisizidi sehemu 5 katika 100 za omu za spika. Kuhusu dhahabu, mzee alisema kwamba haishiki kutu, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini shaba hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu.

Maneno ya mzee yana ushahidi wa mbali. Mwaka 1983 jarida la Stereo Review la Marekani liliwaketisha wasikilizaji walinganishe waya bila kujua upi unatumika. Waya mwembamba sana uliweza kutambuliwa katika baadhi ya majaribio. Lakini katika muziki, waya wa taa wa kawaida wenye unene wa kutosha haukuweza kutofautishwa kwa hakika na ule wa bei kubwa.

Sajini alinunua mita 10 za waya wa taa wa nyuzi mbili, milimita 1.5 za mraba, katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa fedha za matumizi ya wiki. Alichagua wenye rangi mbili ili asigeuze tena, na kabla ya kulipa alikwangua ncha kwa kisu kuhakikisha ni shaba kweli, wala si alumini iliyopakwa shaba. Jumatatu alipita kwa mfanyabiashara kumwarifu kwamba waya ule mnene aweza kuwauzia wengine.

Siku ya kumkumbuka marehemu, ndugu walijaa sebuleni. Kanda ilipoanza, sauti ilisimama katikati ya chumba, nzito na karibu, hata pumzi kati ya mstari na mstari ikasikika. Binti aliuliza, “Mama, huyu ndiye bibi?” Mama aliitika kwa kichwa. Safari hii hakwenda jikoni. Aliketi mpaka wimbo ukaisha, akaomba urudishwe mwanzo.

Mlangoni, kando ya waya mpya, lilikuwapo sanduku la bati jipya, limekwisha andikwa jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe.