Mdomo wa Kiatu

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kila Jumatano asubuhi wewe huenda kutazama ndege, swali la kwanza ni, "Za JKIA ama za Wilson?" Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, na hapa mjini kile chenye injini ndicho kimeshinda. Ukifafanua kwamba ni ndege wa manyoya, unaulizwa kama unawala. Halafu linakuja swali la tatu, linaloulizwa kwa sauti ya chini: kwani una mpenzi mzungu?

Sina. Nauza viatu vya mitumba Toi. Jumatano biashara huwa imelala, na miaka michache iliyopita mteja mmoja aliyekuja kutafuta buti aliniambia kuna watu wa Nature Kenya hukutana asubuhi ya siku hiyo pale Makumbusho ya Taifa, wanazunguka na darubini. Nilienda kwa sababu ya udaku tu. Siku hiyo nikaonyeshwa chozi dume, mweusi kwa mbali, lakini jua likimpiga anang'aa kama shaba iliyosuguliwa, ananing'inia kwa ua la mtu kando ya barabara ambayo nilikuwa nimepita mara mia. Nikarudi Jumatano iliyofuata, na iliyofuata tena. Darubini yangu ya kwanza niliitoa kwenye rundo la vitu Gikomba. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, kwa hivyo mwaka mzima niliona ndege nusu nusu.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Mtu anaweza kuishi na kufa hapa bila kuwamaliza, kwa hivyo sijawahi kuona haja ya kuvuka mpaka kwa sababu ya ndege. Isipokuwa mmoja. Wazungu humwita shoebill, yaani mdomo wa kiatu. Waganda humwita bulwe. Yeye huishi kwenye madimbwi ya mafunjo kuanzia Sudan Kusini, Uganda na Kongo hadi Tanzania na Zambia, akatupita sisi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba duniani wamebaki kati ya 5,000 na 8,000. Mashabiki wa Gor Mahia siku ya derby ni wengi kuliko hao.

Basi Desemba kaka yangu akarudi kutoka Doha, anakofanya kazi ya uhandisi, akatangaza mezani kwamba anatupeleka sote likizo nje ya nchi. Mama akafikiria Dubai. Kumbe ni Entebbe. "Uganda si nje," Mama akasema. Yeye alikulia Budalang'i, ambako watu huingia mtumbwini kwenda matanga Uganda na kurudi jioni. "Uganda ni ng'ambo tu." Lakini alipaki nguo za wiki mbili. Tulipanda basi la usiku, tukavuka Busia kwa vitambulisho na kadi za homa ya manjano, Baba akiwa amevaa koti la suti kama anaenda kusimamia mtihani wa taifa.

Kaka alimwuliza kila mtu anataka nini. Watoto wake wakataka kidimbwi cha kuogelea. Mke wake alitaka kulala. Mimi nikasema Mabamba.

Hapa inabidi nieleze jambo, vinginevyo yaliyotokea huko hayataeleweka. Kaka yangu alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2007. Alipata B. JAB haikumchukua, kwa hivyo njia iliyobaki ilikuwa ile ya kujilipia, ile tuliyokuwa tunaiita parallel. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akauza ng'ombe watatu, halafu ekari moja, halafu akachukua mkopo wa sacco uliokatwa kwa mshahara wake hadi alipostaafu. Mimi nilimaliza 2010. Nilipata B, alama ile ile. Siku matokeo yalipotoka Baba alinishika mkono, akanipongeza, akasema tungoje kidogo kaka yako amalize. Kaka alipomaliza, ilikuwa tungoje apate kazi. Alipopata kazi nilikuwa tayari nina kibanda na mtaji wa magunia mawili. Hakuna aliyewahi kusema "hapana". Kwetu "hapana" haisemwi, tunaambiana tungoje tu hadi kitu kinazeeka.

Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na umri wa miaka 18, na ng'ombe walikuwa wameisha. Mtu angeuliza nini?

Kutoka Entebbe tulivuka kwa kivuko cha Nakiwogo alfajiri, kisha gari kwa barabara ya murram hadi ufukoni. Mabamba ni ghuba ya Ziwa Victoria iliyojaa mafunjo na yungiyungi, na tangu 2006 imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazotambulika kimataifa. Tuliingia mtumbwini wanne wa familia, Baba, Mama, kaka na mimi, pamoja na kijana wa kuongoza na mzee wa pondo. Kijana alimwita Baba "ssebo" na Mama "nyabo", akachanganya Kiingereza na Kiswahili cha kubahatisha, na kabla hatujaondoka akatuuliza kama kuna aliyewahi kumwona bulwe. "Huyu anauza viatu," kaka akanionyesha, "ameona mengi." Tukacheka. Ilikuwa asubuhi nzuri.

Mfereji ni mwembamba. Mafunjo yanakupita kichwa pande zote mbili, na ukuta wa kijani ukifunguka unakuta uwanja wa majani yanayoelea, na yule ndege wa vidole virefu anatembea juu yake kama mtu anayevuka sebule iliyopigwa deki. Mdiria mdogo wa buluu alikaa kwenye unyasi mbele yetu hadi tukakaribia kumgusa. Baba alitoa daftari la shule, la mistari, akaandika "1. Mdiria". Sikujua alikuwa amelibeba. Ndani ya mafunjo kulikuwa na sauti, mmoja analia na mwenzake anamjibu papo hapo utadhani ni ndege mmoja. Nikatoa simu nifungue Merlin, programu inayotambua ndege kwa milio. Mama hata hakugeuka. "Huyo yuko kwetu," akasema. Akatuambia ni mweusi juu, kifua chekundu, na kichwani kama amepakwa pilipili manga ya njano. Pilipili manga haina njano, lakini ndege alipotokea alikuwa hivyo hivyo. Haishi nje ya mafunjo, na mafunjo ya Yala, nyuma ya kwao Mama, ni miongoni mwa sehemu chache anakopatikana Kenya. Miaka hii yote nimekuwa nikienda Makumbusho kujifunza ndege kwa wageni, na nyumbani nina mwanamke anayejua kwaya ya bwawa zima. Hakuwahi kuulizwa.

Kijana akatueleza kwamba zamani wavuvi wa hapa walikuwa wakimwua bulwe. Waliamini ukimwona asubuhi, siku hiyo hupati samaki. Na kusema kweli walikuwa wanagombania samaki mmoja. "Chakula chake ni mamba," akasema. Baba akavuta miguu ndani. Ilituchukua muda kuelewa kwamba kwa Kiganda mamba ni kamongo, yule samaki wa matope anayeweza kupumua hewa, na kwamba kuna ukoo mkubwa wa Buganda unaobeba jina lake na haumli. Sasa watoto wa wavuvi wale wanalipwa kuwaonyesha watu bulwe, na anayemwua anakuwa amewaharibia majirani riziki.

Tulimpata baada ya karibu saa mbili. Mzee wa pondo ndiye aliyemwona, akanyoosha kidevu tu. Nilidhani ni gogo la kijivu. Kisha gogo likawa na jicho.

Sitajaribu kumpamba. Ana urefu wa mtoto wa darasa la pili. Rangi yake ni ya saruji iliyokauka. Mdomo, nikiongea kama mtu wa biashara, si kiatu chochote, ni kile cha mbao cha Kiholanzi, kizito, kimechubuka, na ncha yake imekunjwa kama ndoano. Nyuma ya kisogo ana kishungi kidogo kinachomfanya aonekane ameamka sasa hivi. Na hasogei. Mtumbwi ulisimama, mzee akakita pondo, tukakaa. Dakika kumi. Ishirini. Bulwe huwinda kwa kusimama, anaangalia maji, anangoja kamongo apande kuvuta pumzi. Mama akaanza kutabasamu peke yake. Baba, ambaye hata wakati wa habari hukaa kwa ncha ya kiti, alikuwa ametulia kabisa.

Katika ule utulivu ndipo kaka akauliza, kwa kunong'ona, kama ana watoto.

Kijana akajibu kama anavyojibu kila siku. Bulwe hutaga mayai mawili mara nyingi. La kwanza huanguliwa siku kadhaa mapema. Yule mkubwa anapata nguvu, anamdonoa mdogo, anamfukuza kwenye kivuli. Mwishoni anabaki mmoja. "Wa pili ni spea," akasema, "kama tairi."

"Na mama yake?" Baba akauliza.

"Anaona, ssebo. Analeta maji, anampa yule mkubwa."

Nimeitazama baadaye: BBC waliirekodi huko Bangweulu, Zambia, kwa filamu zao za Afrika za 2013. Mama anarudi kwenye kiota na maji mdomoni, yule mdogo ana kidonda mgongoni, anainua kichwa, na maji yanaenda kwa mwingine. Lakini siku ile sikuhitaji picha. Hakuna aliyemwangalia mwenzake mtumbwini. Kaka alikuwa ametumbukiza vidole majini, anatazama yungiyungi kana kwamba limeandikwa kitu. Kijana akahisi amesema jambo baya asilojua ni lipi, akaanza kufuta darubini yake.

Baba alisema polepole, bila kumtazama mtu, "Huenda alikuwa na samaki mmoja tu."

Nilingoja Mama aseme kitu cha kulainisha, maana ndiyo kazi yake nyumbani. Akasema, "Lakini yule mdogo alikuwa ameinua kichwa, Mwalimu. Tulimwona."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mara moja tu.

Watu hupenda kusema wanyama wanatufundisha. Mimi sioni. Bulwe hafanyi hesabu, hana sacco, halali macho akifikiria ni nani wa kumpa maji. Baba alilala macho. Nilikuwa nasikia kitanda kikilia usiku, mwaka ule wa 2010. Jambo lililonishika koo si kufananishwa na kifaranga. Ni kwamba Mama alisema "tulimwona". Miaka hii yote nilidhani hawakuona.

Na hapo ndipo ndege akaanguka. Sina neno lingine. Hawa hawadonoi kama korongo, hujitupa mwili mzima mbele, mabawa wazi, kichwa kwanza. Maji yakaruka. Akainuka na mdomo uliojaa majani, akayaacha yadondoke kidogo kidogo kutoka pembeni, akitafuta kama kuna samaki ndani. Hakukuwa. Akajikung'uta, akasimama palepale, akaanza upya.

Jioni hiyo kaka alinikuta kwenye ngazi za nje ya nyumba ya wageni. Alikuwa na chupa mbili za soda, akanipa moja. "Pesa ya mwaka wa tatu ilipokuja," akasema, "nilijua ni yako." Nikamwambia najua alijua. Akasema anaweza kunilipia shahada sasa, yoyote, hata ile ya jioni. Ana nia safi, na nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu alikuwa amebeba hiyo sentensi kutoka Doha na pengine kutoka mbali zaidi.

Nikamwambia sitaki shahada. Nataka kufanya mtihani wa bronzi wa chama cha waongozaji watalii, ule wa KPSGA, na darubini yenye macho mawili yanayofanya kazi.

"Yaani unataka kulipwa kutazama ndege?"

"Yule kijana wa leo alilipwa. Ulimlipa wewe."

Akacheka hadi soda ikampanda puani. Hatukuongea mengi zaidi ya hapo. Madirisha ya vyumba yalikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Kwenye basi la kurudi nilikaa na Baba. Mama alikuwa amelala kwa bega la mke wa kaka, watoto wamelaliana. Baba alitoa daftari lake, akavaa miwani. Alikuwa ameorodhesha ndege 31 kwa ule mwandiko wa ubaoni, kila mmoja na namba yake, mengine kwa Kinyala kama alivyotajiwa na Mama. Namba 17 ilikuwa bulwe. Akanipa nisahihishe. Nikarekebisha mawili, la tatu nikaliacha kwa sababu jina lake lilikuwa zuri kuliko lile la kitabu.

Akageuza ukurasa mpya, akaukunjua vizuri kwa kiganja.

"Mtihani huo ni pesa ngapi?" akauliza.

Nikamtajia. Akaandika.